Baiskeli ya Mashindano: Vifaa vya Juu au vya Kati?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga walipotoa neno hili walikuwa wakitazama majahazi, lakini neno lao laenea hata kwenye chombo cha nchi kavu chenye magurudumu mawili. Mtu aionapo baiskeli ya mashindano ikipita barabara ya Malindi mapema asubuhi, nyepesi, haina kelele ila mlio mdogo wa cheni, asidhani imeota yenyewe kama uyoga. Uko mkono ulioiunda. Na kabla ya mkono palikuwa na fikra, na kabla ya fikra palikuwa na mfuko. Ni juu ya mfuko huo nipendapo kuzungumza na wasomaji leo.

Kwetu pwani baiskeli tuliijua kwa kazi. Ilibeba madafu, mkate, maji na makaa, na usiku wa dhiki ikabeba hata mgonjwa. Ilikuwa chuma kizito, na uzuri wake ulikuwa katika kudumu. Lakini miaka hii vijana wetu wengine wameingiwa na mapenzi ya namna nyingine. Hutoka baada ya sala ya alfajiri, wakaenda hadi Mtwapa, na wenye pumzi hadi Kilifi, wakarudi kabla jua halijakuwa kali. Na kwa kuwa baiskeli mpya ya mashindano bei yake haishikiki, wengi wao hawainunui nzima. Hutafuta fremu, aghalabu ya mtumba, kisha huijaza vifaa kimoja kimoja, kama mtu ajengaye nyumba yake, mwezi huu dirisha, mwezi ujao mlango. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nimelisikia vibarazani mara nyingi kuliko nilivyotazamia: je, ninunue vifaa vya daraja la juu kabisa, ama nitosheke na vya kati?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Ndani yake mna akiba ya miaka ya mtu, na mna shingo yake pia.

SETI NA MADARAJA YAKE

Kwa msomaji ambaye hajaizoea lugha ya mafundi, yafaa ifahamike kwamba baada ya fremu na magurudumu, kitu kikubwa katika baiskeli ya mashindano ni seti. Seti ni mkusanyiko wa krenki, cheni, friwili, breki, mikono ya kubadilishia gia, na vile vyuma viwili vinavyoihamisha cheni, kimoja mbele na kimoja nyuma. Watengenezaji wakubwa wa seti za barabara duniani ni watatu: Shimano ya Japani, SRAM ya Marekani, na Campagnolo ya Italia.

Watatu hawa hawakuanza jana. Shozaburo Shimano alifungua karakana yake mwaka 1921 katika mji wa Sakai, mji uliosifika tangu kale kwa ufundi wa kufua visu, na kifaa chake cha kwanza kilikuwa friwili. Tullio Campagnolo wa Vicenza naye husimuliwa kwamba siku moja ya mwaka 1927, akishindana katika mlima wa Croce d'Aune, vidole vilimganda kwa baridi akashindwa kufungua nati za gurudumu. Na katika uchungu huo ikazaliwa fikra ya mkono mdogo wa kufungulia gurudumu bila spana. Kampuni yake aliianzisha mwaka 1933.

Kila mmoja wao hupanga kazi zake kwa madaraja. Kwa Shimano, juu kabisa pana Dura-Ace, chini yake Ultegra, na chini ya Ultegra pana 105. Kwa SRAM, juu pana Red, kisha Force, kisha Rival. Hizo za pili na za tatu ndizo tuziitazo za kati. Dura-Ace ya umeme ilipotoka mwaka 2021, na 105 ya umeme mwaka 2022, ile ya juu iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya hii ya chini. Na 105 isiyo na umeme, ivutwayo kwa waya, ni nafuu zaidi.

CHA KATI CHA LEO NI CHA JUU CHA JANA

Sasa natutazame kinachonunuliwa kwa tofauti hiyo ya fedha. Dura-Ace ilizaliwa mwaka 1973. Mwaka 1984 ikaja na jambo lililobadili uendeshaji wote: mbofyo mmoja, gia moja. Kabla ya hapo mpanda alikuwa akiitafuta gia kwa kupapasa na kusikiliza, kama mtu atafutaye stesheni katika redio ya zamani. Mwaka 1990 ikaja mikono ya breki iliyounganishwa na gia, hata mpanda akawa haondoi tena mkono kwenye usukani. Mambo hayo yote mawili yalianzia juu, na baada ya miaka michache yakateremka kwenye madaraja ya chini.

Mwaka 2009 Shimano wakaleta gia za umeme, nazo zikaanza kwa Dura-Ace. Mwaka 2011 zikafika Ultegra. Mwaka 2022 zikafika 105. SRAM nao walitoa gia zisizo na waya hata mmoja katika Red mwaka 2015. Force ikazipata mwaka 2019, na Rival mwaka 2021. Ukiifuata hesabu hiyo utaona kwamba daraja la juu hukaa na siri yake kwa miaka, kisha siri ikashuka ngazi. Aliyenunua seti ya kati leo amepata jambo ambalo bingwa wa dunia wa mwaka 2008 hakuwa nalo. Bingwa yule hakulia, wala mbio zake hazikuharibika.

Nasema hivi si kwa kuidharau kazi ya juu. Mwaka 1988 Andy Hampsten wa Marekani aliposhinda mashindano makubwa ya Italia, ambayo mwaka ule yalipita mlima wa Gavia katikati ya theluji, baiskeli yake ilikuwa na Dura-Ace. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walikuwa wakivitazama vifaa vya Japani kwa jicho la kando. Fundi afikishaye chuma mahali kama pale anastahili heshima yake. Lakini heshima ni jambo moja, na haja ni jambo jingine.

GRAMU NA SHILINGI

Tofauti ya kwanza itajwayo na wauzaji ni uzito. Seti ya Dura-Ace ya umeme yenye breki za diski ina uzito wa takriban kilo 2.4, Ultegra takriban kilo 2.7, na 105 karibu kilo 3. Hivyo basi, baina ya ya juu kabisa na ya tatu pana kama nusu kilo na ushei. Hiyo ni chupa ya maji. Mpanda anayeondoka nyumbani na chupa mbili, akanywa moja njiani, amekwisha kuipata Dura-Ace bila kulipa senti.

Natufanye hesabu kama tulivyofanya chuoni. Tuseme mpanda na baiskeli yake jumla ni kilo 80. Nusu kilo na ushei katika kilo 80 haifiki sehemu moja katika mia. Katika mlima unaopandwa kwa saa nzima, tofauti hiyo haizidi sana nusu dakika, na kwa hakika huwa pungufu ya hapo. Katika barabara tambarare kama zetu nyingi za pwani, tofauti hiyo karibu haionekani kabisa, kwa sababu adui wa mpanda kwenye tambarare si uzito bali ni upepo. Isitoshe, chama cha dunia cha baiskeli, UCI, tangu mwaka 2000 kimekataza baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Hata bingwa mwenye kila kitu cha juu ana ukuta ambao haruhusiwi kuuvuka.

Ni nani basi anayehitaji nusu dakika ile? Yuko. Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zenye kupanda zaidi ya mita 5,000 kwa jumla, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia, mpanda wa timu iliyo na jina la Falme za Kiarabu. Watu wa namna ile sekunde ndiyo mkate wao, na hata hivyo vifaa hawavinunui wao, hupewa. Anayepewa hachagui kwa mfuko. Anayenunua ndiye mwenye wajibu wa kuchagua.

MSHAIRI HACHAGUI NENO LA KATI?

Mwana wa marehemu ndugu yangu ni fundi wa umeme. Alijinyima miaka miwili, akaweka akiba, na shabaha yake ilikuwa seti ya Dura-Ace. Siku aliyonijia kunitaka rai nilimwuliza magurudumu na tairi atapata wapi. Akanijibu, "Hizo za zamani zitanifaa kwanza, Ami. Nyingine nitatafuta Mungu akijaalia." Nikazitazama hizo za zamani. Tairi zilikuwa zimepasuka ubavuni kama ardhi ya kiangazi, na gurudumu la nyuma lilikuwa na njiti mbili zimelegea.

Nilipomwambia achukue seti ya kati akanijibu kwa adabu, lakini kwa ukali wa ujana: "Samahani, Ami. Wewe ni mshairi. Mbona hujapata kuniambia kwamba mshairi huchagua neno la kati? Siku zote wasema achague lililo bora."

Jawabu lake lilinifurahisha, maana lilikuwa na hoja. Nikamwambia kwamba neno lililo bora ni lile linaloingia katika mizani. Mtu aweza kuokota neno la Kiarabu lililo adimu, lenye fahari, akalitia katika ubeti, na ubeti ukachechemea kwa sababu mizani imezidi na maneno ya jirani hayawezi kulibeba. Baiskeli nayo ni ubeti. Seti ya fahari juu ya tairi iliyopasuka ni neno zito katika mshororo mbovu. Nikamtungia haya hapo hapo:

Chombo kikivishwa pambo, nahodha akapungua,
Hata kina zuri umbo, wimbi litakisumbua,
Si tanga wala urembo, wenye bahari kujua,
Ni moyo wa mwenye chombo, ndio unaoamua.

Akacheka, akaomba siku tatu afikiri. Mwishoni alinunua 105 ya waya, magurudumu mapya na tairi nzuri, na bado akabaki na akiba. Lakini cheni alichukua ya daraja la juu. Nilipomtazama akasema, "Hiyo moja, Ami, niachie." Nami nikamwachia. Mapenzi nayo yana haki yake, na cheni si ghali kama krenki.

KISA CHA KRENKI

Kuna wanaoamini kwamba ghali maana yake ni imara. Mara nyingi ni kweli, wala sisi hatusahau kwamba rahisi huvunja upishi. Lakini si kanuni. Mwezi Septemba mwaka 2023 Shimano walitangaza kwamba krenki za Dura-Ace na Ultegra za gia 11, zilizotengenezwa baina ya mwaka 2012 na katikati ya mwaka 2019, sharti zikaguliwe. Krenki hizo ziliundwa kwa vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi ili ziwe nyepesi zikiwa na uwazi ndani, na baadhi yake vipande vilikuwa vikiachana. Katika Marekani peke yake zilihesabiwa kama 680,000, na watu sita walikuwa wamekwisha kuumia. La ajabu ni kuwa krenki za 105 hazikuwamo katika tangazo lile.

Nalitaja jambo hili kwa sababu vijana wetu hununua mitumba, na krenki kama hizo zingali zikizunguka masokoni. Anayeuziwa krenki ya mtumba naageuze upande wa ndani asome namba. Akiona FC-6800, FC-R8000, FC-9000 au FC-R9100, ajue ni katika zile zilizotajwa. Hapo asiridhike na kiapo cha mwuzaji. Aipeleke kwa fundi ikaguliwe kabla hajaweka mguu. Krenki ikivunjika mtu amesimama juu ya pedali, huanguka mbele ya gari lililo nyuma yake.

CHUMVI YA BAHARI

Ama kuhusu sisi wa pwani, liko jambo ambalo wauzaji wa Ulaya hawalitaji, nalo ni chumvi. Upepo wetu una bahari ndani yake. Bolti huota kutu, waya hukwama ndani ya mpira wake, na mchanga mwembamba hushika mafuta ya cheni ukawa kama tupa. Mahali kama hapa kila kilacho na kuliwa kitaliwa upesi zaidi: cheni, friwili, waya na vitambaa vya breki.

Hapa ndipo seti ya juu inapouma mara ya pili. Katika friwili ya Dura-Ace meno ya gia kubwa hufuliwa kwa titani. Titani ni nyepesi na haioti kutu, lakini meno yake huliwa upesi kuliko ya chuma, na friwili hiyo huuzwa mara nne au zaidi ya ile ya 105, ambayo meno yake yote ni ya chuma. Aliyeinunua mara ya kwanza kwa shangwe, mara ya pili huinunua kwa kuguna.

Dawa si ngumu. Cheni ipanguswe kila baada ya safari na ipimwe kwa kile kipimo kidogo cha chuma. Ikirefuka nusu katika mia, ibadilishwe. Cheni ni nafuu, nayo ikiachwa irefuke hula friwili. Kwa breki za diski, mtu ajue mafuta yake. Shimano hutumia mafuta ya madini, na seti za barabara za SRAM hutumia mafuta yaitwayo DOT. Haya mawili hayachanganywi kabisa, kwani huharibu mipira ya ndani na breki ikakosa nguvu. Tena DOT hunywa unyevu wa hewa, na pwani unyevu haukosekani. Basi anayeitumia asichelewe kuibadilisha.

Nasisitiza breki kwa sababu wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Anayeuvuka mteremko wa Mazeras kurudi Mombasa, malori yakimpita ubavuni, hatauliza breki yake ni ya daraja gani. Atauliza kama yashika.

PESA IKAE WAPI?

Ikiwa mtu ana fungu la fedha na fremu mkononi, rai yangu ni aanze na kipimo cha mwili wake. Fremu isiyo saizi yake haitibiwi na seti yoyote. Katika mwendo wa kasi kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu ya mpanda huliwa na upepo, na kinachoupinga upepo zaidi ni mwili wake mwenyewe. Kukaa vizuri juu ya baiskeli kwampa mtu zaidi ya alichoahidiwa na chuma, na hakuna kodi ya forodha.

Baada ya kipimo, tairi. Baina ya jozi ya tairi duni na jozi nzuri, mpanda aweza kuokoa wati 10 au zaidi, naye huenda nguvu yake yote ni wati 200. Tairi za upana wa milimita 28 zimechukua nafasi ya zile nyembamba za 23 tulizoziona zamani, nazo zafaa zaidi barabara zetu zenye viraka. Kisha magurudumu yaliyonyooka. Kisha breki. Kisha seti ya kati, ambayo kipuri chake akikiharibu leo ataweza kukinunua tena kesho. Baada ya hayo, kikibaki kitu na moyo bado wautaka urembo, urembo si haramu.

Kwa aliyepiga hatua akawa anashindania sekunde, mwenye mwalimu na mazoezi ya kila siku, simkatazi cha juu. Yeye atakitumia chote. Kwa anayenunua ili kibaraza kimtazame, namkumbusha kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Mwenye mapenzi hana macho ya kupima, basi naatafute mwenzake ampimie kabla fedha haijatoka mfukoni.

Daraja la kati si daraja la wanyonge. Ni daraja la mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya njia nzima, kwenda na kurudi, na akajua kwamba baada ya kununua kuna kutengeneza, na baada ya kutengeneza kuna kununua tena. Asubuhi atakapokuta barabara nyeupe na upepo umetulia, mguu wake ndio utakaosema, na cheni itaitika.